Mkaa Nilioukausha Jikoni Kwangu

Siku mliponiaga pale kituo cha utafiti mliniomba niwaandikie chochote kuhusu kazi, nami nikakubali haraka kwa sababu pilau lilikuwa linapoa. Sasa nimekaa barazani kwangu hapa Mbinga, mahali nilipotaka kukaa miaka yote ile ambayo nyinyi mlidhani natamani safari, na kisingizio kimekwisha. Vyeo na mishahara nitaviruka. Vya kwangu havikuwa virefu kiasi cha kunisumbua kuviruka.

Nilianza kazi nikiwa na cheti cha kidato cha nne na mikono iliyopakwa mafuta ya mgando. Cheti hakikumvutia mtu. Mikono ndiyo iliyoleta mazungumzo. Aliyenipokea alikuwa Mama Hyera, mtunza stoo ya sampuli, mwanamke mfupi aliyevaa koti jeupe juu ya kitenge, ambaye hata wakuu wa kituo walipunguza sauti wakipita mlangoni kwake. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akanishika kiganja na kukinusa kama mtu anayechagua samaki sokoni.

"Umejipaka nini?"

Nikamjibu kwamba ni mafuta tu ya kawaida, maana baridi ya asubuhi inapasua ngozi. Akanieleza kuwa mafuta yale asili yake ni chini ya ardhi, mabaki ya viumbe waliokufa zamani zisizo na hesabu, na nikishika nayo mkaa wa juzi, mashine itausoma kama babu yake. Akanionyesha karai na kipande cha sabuni. Siku yangu ya kwanza katika sayansi niliimaliza nikinawa.

Kazi yenyewe alinifundisha wiki ile ile, na sijawahi kupata maelezo bora, hata kwa wale waliokuja baadaye na michoro ya rangi. Kila kilicho hai, alisema, mti, nyasi, mbuzi, hata wewe hapo, kinaingiza kaboni kutoka hewani au kwenye chakula, na ndani yake mna chembe chache za kaboni isiyotulia, hiyo wanayoiita kaboni kumi na nne. Kikifa, hakiingizi tena. Basi chukulia kihenge kilichojazwa mahindi kikafungwa, na ndani wamo fukusi wasiobadili mwendo. Kwa kipindi fulani wanakula nusu ya mahindi. Kipindi kingine kama hicho wanakula nusu ya yaliyobaki. Ukifungua ukapima kilichosalia, unajua kihenge kilifungwa lini. Nikamuuliza nusu moja inachukua muda gani. Miaka zaidi ya elfu tano, akasema. Nikakubali kwamba hao ni fukusi wavumilivu.

"Mashine za huko ng'ambo ndizo zinazopima," akamalizia. "Wewe kazi yako ni kuhakikisha hakuna anayeongeza hata punje moja njiani."

Kwa hiyo nikajifunza kushika kwa kibano badala ya vidole, kufunga kwa foili badala ya karatasi au pamba, na kuandika kwa penseli namba, kina, tarehe na jina la aliyeokota. Jina lilikuwa la lazima, alisema Mama Hyera, ili tujue wa kumfuata nyumbani. Pia alikuwa na tabia moja ambayo wengi waliiona ni ubahili: kila sampuli aliigawa, nusu ikasafiri na nusu akaifungia kabatini mwake. Shikeni hiyo tabia.

Safari yangu ya kwanza ya kulala nje ilikuwa ya Lipingo, huko chini ziwani. Kwenye ramani si mbali. Kwa mtu anayependa kitanda chake ni nchi ya kigeni. Nilibeba unga wangu mwenyewe, mto wangu wa kulalia na maharage ya kutosha kulisha parokia, nikafika kwenye nyumba tuliyofikia na kukuta watu wanakula usipa, dagaa wa ziwani, na ugali wa muhogo kwa raha zao. Mama mwenye nyumba aliutazama ule mto, akaniuliza kama mke wangu yumo ndani yake.

Tulikuwa tunachomeka bomba refu kwenye kinamasi kando ya ziwa na kulivuta na tope lake. Tope likitoka zima, unaliona limepangana kama kurasa: tabaka jeusi lenye majani yaliyooza, tabaka la mchanga, tabaka jembamba la majivu ya moto wa nyikani. Humo wataalamu husoma miaka ya mvua nyingi na miaka ya kiangazi, lakini kwanza wanahitaji tarehe, na tarehe inatoka kwenye mbegu au kipande cha jani kilichonaswa humo. Nilipookota kombe za konokono nikajiona bingwa, nikaelezwa niziache. Konokono wa majini anaweza kujenga nyumba yake kwa kaboni kongwe iliyomo majini, na hapo atakudanganya umri bila haya. Mbegu ya nchi kavu haina sababu ya kudanganya. Nililala Lipingo siku nne, nikarudi nyumbani, na Mama Skola, mke wangu, aliniuliza kama nimerudi kutoka Ulaya.

Kesi ngumu zilikuwa nyingi. Karibu na Kigonsera tulichimba siku tatu tukapata mkaa kwenye kina kirefu, tukapeana mikono, kisha mwenye shamba akaja akachungulia na kutuonyesha tundu la fuko lililokuwa limeshuka kutoka juu hadi pale pale. Ule mkaa ulikuwa wa tanuri lake la mwaka jana. Alitushauri tumuulize fuko mwenyewe tarehe. Toka siku hiyo, kabla ya kuokota chochote, nilikuwa natafuta njia ya fuko kwanza. Na mkaa wa gogo kubwa msiuamini haraka, maana kiini cha mti mkubwa kilikufa zamani, mti wenyewe ukiwa bado umesimama. Tafuteni kijiti, bua, mbegu. Vitu vyenye maisha mafupi husema ukweli zaidi.

Sasa niwaambie ile ya Litembo, ambayo wengi wenu mmeisikia kwa vipande na kila mmoja ameongeza chumvi yake.

Alikuja dada mmoja mtafiti, Eliza, wakati huo bado mwanafunzi wa shahada ya uzamivu. Sisi tulimwita Dokta tangu siku ya kwanza, kwa sababu pale kituoni kila aliyeshuka na kofia pana aliitwa Dokta, na yeye alikuwa na kofia mbili. Alitaka kujua watu walianza lini kulima ngoro kwenye miteremko ya Litembo. Kwa wale mliotoka mbali: Wamatengo hukata nyasi, wakazipanga chini kwa miraba, kisha wakachimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuzifukia. Mteremko mzima unabaki mashimo na matuta kama sega la nyuki. Mvua inanaswa mashimoni badala ya kuteremka na udongo. Nyasi zikioza zinakuwa mbolea, na mara nyingine chini yake hubaki vipande vya mkaa wa moto wa shambani.

Shamba lilikuwa la Mama Gaudensia, mjane aliyelima mahindi na maharage kwenye mteremko na kahawa kuzunguka nyumba. Alituruhusu kuchimba handaki moja tu, jembamba, kabla hajakata nyasi zake, na alitoa sharti. Mwanawe wa kiume alitaka kusawazisha ngoro zote apande kwa mistari. Kuna wataalamu waliowahi kupita wakasema mashimo yale ni mazoea tu ya juzi. Mama Gaudensia alikuwa amechoka kubishana.

"Mkijua, mje mniambie mimi kwanza," alituambia. "Kama ni mazoea ya juzi, nitamwachia kijana asawazishe. Kama ni ya zamani, basi huu mlima una sababu yake."

Dokta Eliza akamuahidi. Mimi nikatikisa kichwa kukubali kwa upande wa kituo, bila kujua natikisa nini.

Tulipata pakiti tisa za mkaa, namba moja juu kabisa, namba tisa chini kabisa. Vipande vilikuwa vidogo kama punje za ulezi, na vyote vilikuwa vimeloa, kwa sababu ulikuwa msimu wa mvua na Litembo wakati huo hukaa ndani ya ukungu kutwa. Dokta Eliza alikuwa anakwenda ziwani kuendelea na tope lake. Mama Hyera alikuwa likizo. Oveni ya kukaushia pale kituoni ilikuwa haina umeme. Maagizo niliyopewa yalikuwa rahisi: nifungue zile pakiti, nizikaushe polepole stoo, nizigeuze asubuhi na jioni, nisubiri.

Siku ya tatu nikaona ukungu mweupe unaanza kuota kwenye pakiti mbili. Mvua haikuonyesha dalili ya kukoma. Na kwenda stoo asubuhi na jioni kulimaanisha kutoka nyumbani mara mbili, jambo ambalo sikulipenda hata jua likiwaka. Nikafikiria kama Mmatengo yeyote angefikiria. Mbegu zetu tunazihifadhi wapi zisioze? Juu ya uchanja wa jikoni, juu ya moto. Bibi yangu alifanya hivyo, mama yangu alifanya hivyo, na mbegu zao hazikuota ukungu hata siku moja. Nikabeba pakiti tisa, nikazifungua vizuri kwenye foili zake, nikazipanga kwenye uchanja mistari mitatu, tatu tatu. Nikajiona mtu mwenye akili za ziada.

Mama Skola aliinua macho kutoka kwenye chungu.

"Baba Skola, unaanika mkaa juu ya moto?"

Nikamwambia haya ni mambo ya kitaalamu. Akaendelea kupika.

Zilikaa wiki mbili. Zilikauka vizuri mno. Nikazirudisha stoo, na Mama Hyera aliporudi likizo akazigawa kama kawaida yake, akanusa, akasema stoo yake leo inanuka maharage. Nikasema labda ni panya. Huo ndio uongo wangu mkubwa wa kazini, na ona ulivyokosa hata akili.

Majibu yalichukua muda mrefu. Dokta Eliza alipokuja nayo, ilikuwa siku ya Jumanne. Alhamisi alikuwa apande Litembo kwa Mama Gaudensia kutimiza ahadi. Aliweka karatasi kwenye meza ya stoo, mimi na Mama Hyera tukiwa pale. Ulikuwa mchoro wenye nukta tisa. Ya chini inapaswa kuwa kongwe kuliko ya juu, nukta zishuke kama ngazi. Hizi hazikushuka. Nyingi zilikuwa changa, zimechanganyikana, namba nne na namba tano zikionekana kama zimechomwa watoto wetu wakiwa shuleni. Namba sita peke yake ilikuwa imekaa mbali kabisa, kongwe mno.

"Msimamizi wangu anasema tuitoe namba sita," alisema Dokta Eliza. "Eti ni kipande cha gogo kongwe, kimeingia kwa bahati mbaya. Zilizobaki zinasema shamba ni la juzi na limevurugika. Nitamwambia hivyo mama wa watu."

Alisema kwa sauti ya mtu ambaye amelia tayari mahali pengine. Miaka yake mitatu ilikuwa kwenye ile karatasi, na mteremko wa Mama Gaudensia pia.

Mimi nilikuwa nautazama mchoro, na taratibu nikaanza kuona jiko langu. Moja, mbili na tatu nilizipanga upande wa mlango, ambako upepo unasukuma moshi. Hizo zilikuwa zimepungua umri kidogo tu. Saba, nane, tisa zilikuwa ukutani, ambako moshi unapita ukitoka, zimepungua zaidi. Nne na tano zilikuwa juu ya mafiga kabisa. Moshi wa kuni za mwaka huu ni kaboni ya mwaka huu. Nilikuwa nimeshinda wiki mbili nikimimina mahindi mapya kwenye kihenge cha watu.

Nikiri kwamba sikusema papo hapo. Namba sita ndiyo iliyonipa mwanya wa kunyamaza. Nayo niliiweka mstari wa kati, juu ya mafiga, pamoja na nne na tano. Kama ni moshi, mbona hiyo haikuguswa? Nikajiambia basi huenda si moshi, huenda ni fuko, huenda nasingizia jiko la mke wangu bure. Nilikaribia kabisa kuyaamini. Kisha Dokta Eliza akachukua penseli, penseli ile ile ya kuandikia namba, akaanza kuchora mstari juu ya nukta ya sita, na mkono wangu ukaenda wenyewe ukaishika ile penseli.

"Dokta, usiifute," nikasema. "Mkaa niliukausha jikoni kwangu. Juu ya moto."

Mama Hyera alivua miwani, akaipangusa, akaivaa.

"Mlikuwa mnapika nini?" akaniuliza.

"Maharage, mama."

"Nilijua. Stoo yangu haijawahi kuwa na panya anayechemsha maharage."

Dokta Eliza alitoka nje. Tulimwona kupitia dirishani akienda hadi getini, akasimama na kuwatazama bodaboda waliokuwa wakimwita wakidhani ni abiria, akarudi. Nilikuwa nimeshaanza kuhesabu vitu vyangu vya kubeba. Alipoingia alikuwa na daftari mkononi.

"Kuni gani, Baba Skola?"

"Mkaratusi. Na matawi ya mibuni ya zamani tuliyopogoa."

"Moto wa siku nzima au wa mapishi?"

Nikamjibu yote. Akaandika yote. Kisha akasema anataka kuuona huo uchanja, na tukaondoka watu watatu, Mama Hyera akifunga stoo mchana kweupe, jambo ambalo sikuwahi kuliona kabla wala baada.

Mama Skola alitukuta jikoni kwake tukipima kwa futi kutoka kwenye mafiga hadi kwenye fito. Alisalimiana na wageni, akaniuliza kwa macho nimefanya nini, nami nikamweleza kwa ufupi, pamoja na hilo fumbo la namba sita ambayo haikuguswa na moshi. Hakuhitaji kufikiri.

"Ile ya mwisho ya mstari wa kati? Hiyo haikukaa. Ilikuwa inanizibia nafasi ya mbegu zangu za maharage, nikaiweka kwenye kabati la vyombo. Nikairudisha siku ulipokuja kuzichukua."

Dokta Eliza aliketi kwenye kigoda. Pakiti moja, katika tisa, ilikuwa haijaonja moshi, na ndiyo hiyo hiyo aliyokuwa anaambiwa aitupe. Alimuuliza Mama Skola mara ya pili, polepole, na mara ya tatu, na Mama Skola akamjibu mara zote tatu kwa maneno yale yale. Mwisho akamwambia kama haamini, kabati lile pale.

Mengine ni ya kitaalamu, lakini yashikeni. Maabara huosha kila sampuli kwa asidi na magadi ili kuondoa uchafu wa udongo. Lami ya moshi haitoki hivyo. Ina dawa zake nyingine, na mtu hawezi kuzitumia asipojua anaondoa nini. "Wakiambiwa ni moshi, wanajua cha kufanya," Dokta Eliza alinieleza. "Tatizo lilikuwa kunyamaza kwako kuliko moshi wako." Zile nusu za Mama Hyera zikatolewa kabatini, zikasafiri na barua ndefu na mchoro wa uchanja wetu, uliochorwa kwa vipimo, mafiga yakiwa na namba. Alhamisi Dokta Eliza alipanda Litembo, akamwambia Mama Gaudensia asisawazishe kitu kwanza, kwamba kuna mtu ameharibu na tunarekebisha. Hakumtaja mtu. Mimi niliyekuwa nyuma yake nimeshika kofia ndimi niliyejitaja.

Mimi nilipata barua ya onyo, imeandikwa kwa Kiswahili kizuri sana, ninayo hadi leo. Sikufukuzwa. Dokta Eliza aliandika kwa mkuu wa kituo kwamba bila maelezo yangu kazi ingekufa, na akasahau kuandika kwamba bila jiko langu isingeugua.

Majibu ya pili yalipokuja, nukta zilishuka kama ngazi. Si ngazi ya fundi stadi, ngazi mbili zilikuwa bado zimelegea kidogo, lakini ilikuwa ngazi, na namba sita ilikaa mahali pake pale pale bila kusogea. Katika kitabu chake Dokta Eliza, ambaye sasa ni Dokta kweli, kuna ukurasa mzima unaoeleza uchanja, kuni na kabati la vyombo. Nilimwomba autoe kwa heshima ya familia. Akakataa. Alisema mtu wa baadaye akija na mashaka, aanzie hapo. Mama Skola ukurasa ule ameufungia kwenye kabati lile lile.

Tulipanda Litembo mwezi wa tatu, watu wakiwa katikati ya kazi ya ngoro. Mama Gaudensia alikuwa amefika sehemu lilipokuwa handaki letu, tulilolifukia siku ile ile tuliyochimba. Hakusimamisha kazi, alitukabidhi mundu na kutuambia tuongee huku tunakata. Mwanawe alikuwa upande wa juu, akichimba kimya. Dokta Eliza akamweleza, bila haraka, kwamba watu walikuwa wanafukia nyasi kwenye mteremko ule kabla ya jina lolote la babu ambalo mtu yeyote pale angeweza kulitaja, na kwamba tabaka baada ya tabaka udongo ulikuwa umebaki mahali pake, kupitia miaka ya mvua na miaka ya njaa.

Mama Gaudensia alimtazama mwanawe. Kijana akatazama mteremko, kuanzia juu hadi chini kwenye kijito, kana kwamba mtu amemwonyesha mahali atakapojenga. Kisha akarudi kuchimba, na niliona anachimba mraba, si mstari.

Mimi nilipewa kupanga nyasi. Nilizipanga kombo, nikaambiwa nizipange upya, nikazipanga tena kombo kidogo. Nilipoanza kuzifukia, Mama Gaudensia akasimama karibu yangu, mikono kiunoni.

"Na hizi je? Watu wako wakija kuzichimba, watasema ni za lini?"

"Watasema za leo, mama."

"Za leo asubuhi," akanisahihisha. "Nimezikata mwenyewe."